Afisa Ustawi wa Jamii Haji Kunyang'anya Mtoto



Katika masomo ya afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, vyoo na maji ya kunywa. Somo la leo halina mbu wala mdudu. Linahusu madhara ambayo mtoto huyapata kutoka kwa watu wanaomlea au wanaomzunguka. Yupo mtoto anayepigwa mpaka akavunjika. Yupo anayechomwa moto. Yupo anayenyimwa chakula wakati wengine nyumbani wanakula. Yupo anayeingiliwa na mtu mzima. Watoto hao huletwa kwetu zahanati. Wengine huletwa wakiwa wamechelewa, na wengine hawaletwi kabisa.

Mimi ni mganga msaidizi hapa Gungu, Kigoma. Kazi yangu nimeisomea kwa ngazi ya cheti. Naweza kusafisha kidonda, kufunga mkono uliovunjika na kutoa dawa. Lakini kidonda kikipona, mtoto hurudi katika nyumba ile ile alikoumia. Hapo dawa zangu hazifiki. Anayefika ni mtu mwingine, naye ni afisa ustawi wa jamii.

Watu wengi wanamwogopa mtu huyu. Akionekana mtaani na faili lake, akina mama huita watoto ndani. Wanasema, "Huyo ndiye anayechukua watoto." Kwa hiyo jirani anayejua habari ya mtoto fulani hunyamaza. Anaogopa kuvunja nyumba ya mwenzake. Leo nataka tuone kazi ya afisa huyu ilivyo, hatua kwa hatua, ili tujue tunapomwambia habari anafanya nini nazo.

Afisa ustawi wa jamii ni mtumishi wa halmashauri. Wengi wao wamesoma Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Dar es Salaam. Taasisi hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Wapo pia waliosoma vyuo vingine. Anayeanza kazi mara nyingi ni kijana, mwenye cheti au diploma. Hupewa kata, tena wakati mwingine kata zaidi ya moja. Anatembea kwa miguu au kwa bodaboda. Kila mtoto anayeletwa kwake humfungulia faili lake, na faili hilo halisomwi na kila mtu.

Kazi yake inatokana na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hiyo inasema mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Inasema pia kwamba mwananchi yeyote mwenye habari kuwa haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mahali pake. Tazameni neno hilo, wajibu. Anayetoa taarifa si mchongezi wala mbeya. Anatimiza sheria.

Hapa Gungu tupo mjini, kwa hiyo tuna mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa. Ninyi wa Mwandiga, Kalinzi au Ilagala mna mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kijiji. Njia ni moja. Unaweza kumwambia mwenyekiti, mtendaji, mwalimu, mhudumu wa zahanati, au afisa mwenyewe. Unaweza kwenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Unaweza pia kupiga simu namba 116. Simu hiyo ni ya bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Sasa tuangalie mwili wa mtoto, maana hapo ndipo habari nyingi huanzia.

Mtoto anayecheza huanguka. Akianguka huumia magoti, miguu kwa mbele, viwiko, viganja na paji la uso. Hayo ni majeraha ya mchezo. Lakini masikio, mgongo, matako, mapaja kwa ndani na shingo haviumii kwa urahisi katika mchezo. Mtoto mchanga ambaye hajaanza hata kutambaa hawezi kujivunja mguu. Tukimwona wa namna hiyo amevunjika, lazima tuulize. Maji ya moto yakimwagikia mtoto kwa bahati mbaya huacha alama zilizotawanyika, zenye matone huku na huku. Mkono uliochovywa kwa nguvu katika maji ya moto huungua kama aliyevaa soksi, mpaka wa kidonda umenyooka. Alama hiyo huonekana wazi, hata kama maneno yanayosemwa ni mengine.

Tunasikiliza pia maelezo. Je, yanalingana na kidonda? Je, leo mama anasema mtoto alianguka kwenye ngazi na kesho shangazi anasema alipigwa teke na mbuzi? Je, mtoto aliumia Jumatatu na ameletwa Ijumaa? Kwa ngozi yetu nyeusi, mavilio ya damu hayaonekani vizuri. Kwa hiyo tunapapasa taratibu kutafuta uvimbe na mahali panapouma.

Lakini tusikimbilie kulaumu. Watoto wetu wengi huzaliwa na doa la rangi ya bluu kiunoni au matakoni. Doa hilo si alama ya kipigo, nalo hufifia lenyewe mtoto akikua. Tena yapo madhara yanayoletwa na imani, bila nia mbaya. Mama ana mtoto anayeharisha. Anaambiwa mtoto ana meno ya nailoni, anampeleka kung'olewa ufizi. Mtoto anatoka damu na kidonda kinaoza. Mama huyo alikuwa akitafuta dawa. Afisa anayejua kazi yake hukaa naye na kumwelimisha, na sisi tunamtibu mtoto kuhara kwa maji ya chumvichumvi ya pakiti na vidonge vya zinki. Kumweka mama huyo kundi moja na mtu anayemchoma mtoto kwa pasi ni kosa kubwa. Huyo anayefanya biashara ya kung'oa ndiye wa kuulizwa vizuri.

Afisa akipata habari, jambo la kwanza analojiuliza ni hili: Je, usiku wa leo mtoto huyu atalala salama? Kama jibu ni hapana, hangoji kesho. Kama jibu ni ndiyo, anaanza kuuliza polepole.

Namna ya kumwuliza mtoto ni ufundi hasa. Afisa hakai juu ya kiti huku mtoto amesimama mbele yake kama mshitakiwa. Wote wawili hukaa kwenye mkeka au kwenye benchi moja. Mtu anayetuhumiwa hawi karibu. Afisa haulizi, "Baba yako amekupiga, siyo?" Swali hilo linamwekea mtoto maneno mdomoni, na mahakamani litavunja ushahidi. Anasema, "Nieleze ilikuwaje." Kisha ananyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakomshinda anayeanza kazi. Mtoto anaweza kuchora chini kwa kidole muda mrefu kabla ya kusema neno.

Mtoto akisema, "Usimwambie mtu," afisa hatakubali kuweka ahadi hiyo. Atajibu, "Nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia." Akiahidi siri halafu akaivunja, mtoto huyo hatamwamini mtu mzima tena.

Maneno ya mtoto huandikwa kama alivyoyasema. Akisema kwa Kiha, huandikwa kwa Kiha, halafu chini yake Kiswahili. Akisema kwa Kibembe, ni vivyo hivyo. Anayetafsiri asiwe ndugu wa nyumba hiyo. Na mtoto asiulizwe habari hiyo hiyo na kila mtu: mwenyekiti, balozi, mwalimu, mganga, jirani. Kila akirudia, anaumia tena, na maneno yanabadilika kidogo. Mwisho watu wazima wanasema, "Mtoto huyu ni mwongo." Hapa zahanati mimi huuliza yale tu yanayohitajika kwa matibabu. Mengine namwachia afisa.

Tuchukue mfano kutoka ufukweni kwetu, Kibirizi au Katonga. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za jua. Taa huwavuta dagaa kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake unashindana na taa, na wavuvi hupumzika siku kadhaa.

Yupo mvulana wa miaka 12. Mwalimu analalamika kwamba ni mtoro. Afisa ustawi wa jamii anaomba daftari la mahudhurio, analiweka kando ya kalenda. Anaona kwamba siku za giza mvulana hayupo, au yupo na amelala juu ya dawati. Siku za mbalamwezi yupo kila siku. Basi kinachomtoa shuleni ni mtumbwi. Wala hakuhitaji kumchapa mtoto ili aseme. Mwezi umesema.

Sheria inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Kazi nyepesi za kuajiriwa zinaruhusiwa kuanzia miaka 14, tena zisizomzuia shule. Kumsaidia mama kuanika dagaa mchangani baada ya masomo si kosa. Kuvuta nyavu ziwani usiku kucha, katika upepo na mawimbi, akiwa na miaka 12, ni kosa.

Afisa anakwenda nyumbani. Anamkuta mama mjane mwenye watoto wanne. Mvulana akirudi na fungu la dagaa, nyumba inakula. Sasa afanye nini? Hapa ndipo watu wasiojua hufikiri atamchukua mtoto na kumpeleka kwenye makao ya watoto. Hapana. Mama huyu hamchukii mwanawe. Sheria inamlenga mzazi au mlezi mwenye uwezo ambaye anakataa au anapuuza kumpa mtoto chakula, mavazi, matibabu, malazi na elimu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, tangu katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti. Kazi ya ziwa ikisimama, sufuria hupungua. Huo si uzembe wa mzazi.

Kwa hiyo afisa anafanya mambo mawili kwa pamoja. Kwa mama anauliza: Je, kaya hii iko katika mpango wa TASAF wa kaya maskini? Wakubwa wa ukoo wa marehemu wako wapi? Kipo kikundi cha akina mama wanaoanika na kuuza dagaa ambacho kinaweza kumpokea? Kwa mwenye mtumbwi lugha ni nyingine. Huyo ni mtu mzima mwenye uwezo, na anajua umri wa kijana anayemvutia nyavu. Anaitwa, anaelezwa sheria, na akikaidi anapelekwa mbele. Kisha afisa anarudi nyumbani kwa mama baada ya wiki mbili. Anarudi tena baada ya mwezi, wakati wa giza, si wakati wa mbalamwezi. Anayerudi wakati wa mbalamwezi atamkuta mtoto nyumbani, ataandika "amepona", na atakuwa hajaona kitu.

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima juu ya ukatili kwa watoto, na matokeo yalitolewa mwaka 2011. Waliulizwa vijana wa miaka 13 mpaka 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa wavulana ni kama 1 katika kila 7. Hesabuni watoto wa mtaa wenu, mtaona ni wangapi.

Mtoto akiingiliwa, saa zinahesabiwa. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hutolewa ndani ya saa 72, yaani siku tatu, na mapema ni bora zaidi. Humezwa kwa siku 28. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo hupewa pia dawa ya kuzuia mimba, nayo ina muda wake mfupi. Zahanati isiyo na dawa hizo itampeleka kituo cha afya au Hospitali ya Mkoa, Maweni. Msimwogeshe mtoto kabla hajaonwa, ingawa kila mama hutaka kumwogesha. Msifue nguo zake. Zifungeni katika karatasi au khanga safi, si katika mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu huharibu ushahidi. Polisi watatoa fomu namba 3, ile inayoitwa PF3, nasi tutaijaza. Lakini mtoto anayetoka damu hutibiwa kwanza, fomu ifuate. Na hata kama siku tatu zimepita, mleteni. Yapo mengine ya kutibu.

Adui mkubwa wa saa hizo ni kikao cha ukoo. Wazee wanaitwa. Wanakaa siku ya kwanza, hawaelewani. Wanakaa siku ya pili, wanataja ng'ombe au fedha. Siku ya tatu wamekubaliana. Siku ya nne ndipo mtoto analetwa kwangu, ana homa.

Afisa kijana akifika kwenye kikao kama hicho, mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Lakini mtoto huyu ni wetu. Tumekwisha kumalizana."

"Nimekuelewa, mzee wangu. Ugomvi wa shamba mnaweza kumalizana, nami nitawapongeza. Shauri hili si la ukoo. Ni la Jamhuri."

"Hata yeye msichana alikubali."

"Ana miaka 13, mzee. Sheria haiulizi kama alikubali."

Hivyo ndivyo ilivyo. Mtu mzima akimbaka mtoto, kifungo hakipungui miaka 30. Mtoto akiwa chini ya miaka 10, kifungo ni cha maisha. Ng'ombe aliyetolewa haondoi kosa hilo. Nami naongeza langu: sijaona kikao ambacho ng'ombe huyo alipewa mtoto mwenyewe. Aliyetenda anaendelea kupita njia ile ile ya kisimani, na mtoto anaendelea kutumwa maji.

Je, afisa huwaondoa watoto nyumbani? Ndiyo, wakati mwingine, pale ambapo hatari iko ndani ya nyumba na haiwezi kuondoka. Hata hapo hafanyi kwa matakwa yake. Anaandika taarifa ya uchunguzi, na mahakama ya watoto ndiyo inayoamua juu ya malezi. Kabla ya kufikiria makao ya watoto, anatafuta bibi, mjomba, mama mkubwa, au familia inayoaminika. Mara nyingi jambo bora zaidi ni mtuhumiwa aondoke na mtoto abaki kwenye kitanda chake na shule yake.

Wapo watoto wanaohitaji jicho letu zaidi, nao ni wasichana wanaoletwa mjini kufanya kazi za ndani. Wanatoka Kasulu, Buhigwe, Kibondo. Hawana ndugu hapa. Hawaendi kliniki wala shule. Hakuna daftari la mahudhurio la kuonyesha kwamba hawapo. Mtu pekee anayejua kama wamekula ni jirani wa ukuta wa pili. Ninawaomba akina mama wa Gungu mnaochota maji bomba moja nao muwasalimu kwa majina yao na kuwauliza wanatoka kijiji gani. Afisa mmoja hawezi kugonga milango yote.

Jirani huyo, kama amejua kusoma na kuandika, ana kitu cha thamani kubwa. Chukua daftari. Andika siku, saa, ulichokiona kwa macho na ulichokisikia kwa masikio. Usiandike unachodhani. Kwa mfano:

"Jumanne, saa 2 usiku. Nimesikia mtoto analia kwa muda mrefu. Jumatano asubuhi, bombani. Mkono wake wa kulia umevimba, umefungwa kitambaa. Nimemwuliza. Amesema, 'Nimeunguza mboga.'"

Mistari hiyo inatosha kumpa afisa mahali pa kuanzia. Usiwasomee watu daftari hilo. Mpe afisa au mtendaji.

MASWALI YA DARASANI

1. Someni tena maneno ya jirani katika daftari. Je, ameandika jambo lolote alilodhani tu? Lipi?

2. Mtoto wa miezi mitano ameletwa kliniki. Mguu umevunjika. Mlezi anasema aliukanyagia vibaya wakati akitembea. Ninyi mngesema nini?

3. Ikiwa anayetuhumiwa ni mwenyekiti mwenyewe, au ndugu yake, taarifa mtaipeleka kwa nani? Tajeni njia mbili.

4. Msichana wa jirani ameingiliwa Jumapili jioni. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inatolewa mpaka lini? Hesabuni saa, kisha mwandike siku na saa ya mwisho ubaoni.

5. Andikeni kwa mkono wenu namba ya simu ya bure ya kumsaidia mtoto. Kila mmoja aibandike mlangoni kwake, kwa ndani, mahali ambapo macho ya mtoto yanafika.